Rangi ya injini ya gari la zamani isiyobanduka

Mkuu, umeuliza rangi gani itadumu kwenye bloku ya chuma (mwili mkuu wa injini), maana ya kwanza ilibanduka. Mara nyingi tatizo huwa ni mafuta yaliyobaki chini ya rangi, si rangi yenyewe. Chuma cha injini ya zamani kina vitundu vidogo vilivyonyonya oili kwa miaka mingi. Osha kwa dawa ya kuondoa grisi, sugua kutu kwa brashi ya waya, kisha osha tena. Malizia kwa kufuta na asetoni mpaka kitambaa kitoke cheupe. Usiguse tena kwa mkono mtupu!

Kwa bloku, chukua enameli ya injini (rangi ngumu ya kung'aa) inayohimili joto la nyuzi 150 au zaidi, na isiyoyeyushwa na petroli wala oili. Piga tabaka nyembamba mbili au tatu. Rangi nene hupasuka. Manifoldi ya ekzosi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye injini) ni habari nyingine kabisa: huweza kupita nyuzi 500, hivyo inataka rangi ya silikoni ya joto kali, inayokomazwa kwa kupashwa moto hatua kwa hatua kama kopo linavyoelekeza.

Ukichagua rangi ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha), tafadhali vaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Nyingi zina isosianati, kemikali inayodhuru mapafu, na mapafu hayana spea.