HBeAg hasi, lakini ALT iko juu: je, kirusi kimelala?

Swali: Daktari, shikamoo. Nina miaka 41, ni fundi magari hapa Tanga. Niligundulika nina homa ya ini B mwaka 2016 nilipokwenda kuchangia damu. Majibu ya juzi: HBsAg (alama ya kuwa na kirusi) chanya, HBeAg hasi, ALT 68. Mtu wa maabara akanipongeza, eti e hasi maana yake kirusi kimelala. Daktari wangu anasema huenda kimebadilika. Nimsikilize nani? Na nikapime hayo mabadiliko?

Jibu: Marahaba. ALT ni kimeng'enya kinachopanda kwenye damu ini linapoumia. Kwa ALT hiyo, msikilize daktari wako.

HBeAg, au e kwa kifupi, ni protini ambayo kirusi humwaga kwenye damu kinapozaliana. Ikitoweka, mara nyingi kinga ya mwili imekibana kweli, na hapo pongezi ni halali. Lakini kuna njia nyingine. Kirusi hiki kinapojinakili hakina wa kusahihisha makosa, kwa hiyo herufi za vinasaba vyake, zipatazo 3,200, hubadilika kila mara. Herufi ya 1896 ikigeuka kutoka G kuwa A, inazuka alama ya "koma hapa" katikati ya maelekezo ya kutengeneza e. Protini haitoki tena, kirusi kinaendelea kuzaliana kama kawaida. Kipimo kinasoma hasi, ini linaumia.

Kwetu Afrika Mashariki kuna jambo la ziada. Kirusi hiki kina makundi ya vinasaba yanayoitwa kwa herufi; kinachotawala huku ni cha kundi A, ambalo kwa umbile lake halipatani na badiliko la 1896. Hilo utalikuta zaidi kwenye kundi D. Cha kundi A hupoteza e kwa makosa ya sehemu nyingine, yakiwemo yale pacha ya herufi za 1762 na 1764. Haya mawili hupunguza e bila kuizima kabisa, na ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu tafiti nyingi zimeyahusisha na makovu ya ini na saratani.

Hata hivyo, usitumie pesa kusomesha vinasaba vya kirusi. Jibu lake halitabadilisha matibabu yako. Pesa hiyo ipeleke kwenye kipimo cha wingi wa virusi. Mwongozo wa WHO wa 2024 unashauri dawa ikiwa virusi vimezidi vizio 2,000 kwa mililita na ALT imepita kiwango, ambacho kwa mwanaume ni 30. Wewe una 68. Kama virusi ni vichache, tutamtafuta mchawi mwingine: pombe, mafuta kwenye ini, au zile dawa za mitishamba za "kusafisha ini" ambazo wagonjwa wangu huzitaja mwisho kabisa, mlangoni.

Ukianzishiwa tenofovir, dawa ya kukibana kirusi, pima kwanza VVU na figo. Kirusi kuizoea dawa hii ni nadra sana, tofauti na lamivudini ikitumiwa peke yake, ambayo badiliko la nafasi ya 204 kwenye kimeng'enya cha kirusi cha kujinakili huishinda ndani ya miaka michache. Usiiache ghafla kwa kuwa unajisikia vizuri. Virusi hurudi kwa kishindo.

Fanya pia ultrasaundi ya ini. Na mkeo na watoto wapimwe. Asiye nacho achanjwe.