Siku 4 Chongqing ukiwa na mama

Dada, umeuliza kama siku 4 zinatosha Chongqing, China, ukiwa na mama anayesumbuliwa na magoti. Zinatosha, ila usipange kwa umbali wa kwenye ramani. Mji umejengwa juu ya milima. Sehemu mbili zinaonekana zimegusana kwenye simu, kumbe kati yake kuna ngazi za kumchosha hata kijana. Pale jengo la Kuixinglou unatoka barabarani, unaingia uwanjani, ukichungulia ukingoni uko ghorofa ya 22! Kwa hiyo chukueni hoteli maeneo ya Jiefangbei, katikati ya mji, karibu na stesheni ya treni za mjini.

Hongyadong, jengo la ghorofa nyingi lililoegemea mwamba kando ya mto, nendeni jioni taa zikiwaka. Ingieni kwa mlango wa juu, ghorofa ya 11, mshuke kwa lifti hadi barabara ya kando ya mto. Mandhari nzuri zaidi iko darajani Qiansimen. Stesheni ya Liziba, treni inapopita ndani ya jengo la makazi, haihitaji hata saa nzima. Kwenye gati la Chaotianmen mtaona mto Jialing ukiingia Yangtze.

Siku moja nzima mpeleke Dazu, nje ya mji, kwenye michongo ya miambani ya Baodingshan. Ni urithi wa dunia tangu 1999, na mimi naiona inapita vivutio vyote vya mjini. Wulong, yenye mabonde na madaraja ya asili ya mawe, ningeiacha safari hii, kuna kutembea kwingi.

Epukeni Julai na Agosti, joto hupita nyuzi 40. Na Alipay, programu ya kulipia kwa simu, iunganishe na kadi yako kabla hamjaondoka.