Nani Kakwambia, na Yeye Kasikia kwa Nani?

Kila mwaka, wiki ya pili au ya tatu tangu masomo yaanze, kuna kijana anabaki nyuma semina ikiisha. Anasubiri wenzake watoke, anafunga begi taratibu, halafu anauliza: "Mwalimu, eti mtu akishika sana dini hawezi kufikiri mwenyewe?" Wengine huuliza kwa hofu, maana nyumbani wameambiwa chuo kinaharibu watoto. Wengine huuliza kwa kejeli, jibu wameshalipanga. Nimechoka kulijibu mlangoni huku darasa jingine linagombania viti, basi naliandika hapa mara moja, kwa ninyi mnaoingia mwaka wa kwanza.

Mimi ni mtoto wa Tanga, na madrasa nilianza kabla sijajua kuandika jina langu. Sitaipamba. Tulikariri tusichokielewa, na asiyekariri alionja bakora. Ungenikuta nikiwa darasa la tatu ukaniuliza kama dini inafundisha kufikiri, nisingeelewa hata swali.

Lakini ukutani mwa madrasa ile kulikuwa na bango la maandishi ya kijani: "Tafuteni elimu hata China." Lilikuwepo tangu sijazaliwa. Nilipofika darasa la sita akaja ustadhi mpya, kijana aliyesoma Zanzibar. Akalisoma bango, akatugeukia. "Haya maneno ya nani?" Tukajibu kwa sauti moja: ya Mtume. "Nani kawaambia?" Bango. "Na bango lilisikia kwa nani?" Tukaangua kicheko. Yeye hakucheka.

Kipindi kizima kikaishia hapo. Akatueleza kwamba hadithi, yaani habari iliyopokewa kutoka kwa Mtume, ina sehemu mbili: maneno yenyewe, na mlolongo wa watu walioyapokea, fulani kutoka kwa fulani mpaka mwisho. Kila jina katika mlolongo linachunguzwa. Aliishi lini? Alikutana kweli na huyo anayedai kumsikia, au walipishana miaka arobaini? Kumbukumbu yake ikoje? Wapo wapokezi ambao hadithi zao za ujanani zinakubaliwa na za uzeeni zinakataliwa, kwa sababu uzeeni walianza kuchanganya. Na uchamungu peke yake hautoshi. Katika utangulizi wa Sahihi Muslim, mkusanyiko maarufu wa hadithi, kuna kauli ya mwanachuoni mmoja anayelalamika kwamba watu wema ndio wanaoteleza zaidi katika hadithi, uongo unawapita ulimini bila wenyewe kukusudia. Ile ya China, akasema, ina mapokezi mabovu. Ibn al-Jawzi wa Baghdad, aliyefariki 1201, aliitia katika kitabu chake cha hadithi za kubuniwa.

Mmoja wetu akanyoosha mkono: lakini ustadhi, si maneno mazuri? Jibu lake ninalo mpaka leo: elimu imehimizwa kwa maneno mengine yenye mapokezi imara, hatuhitaji kumsingizia Mtume ili tuseme jambo zuri. Wiki iliyofuata bango likateremshwa, na wazee wawili walinuna mpaka Idd.

Miaka mingi baadaye nikaingia chuo. Asaimenti yangu ya kwanza ilirudi na wino mwekundu pembeni, karibu kila aya: "Nani kasema?" Nilikuwa nimeandika "wataalamu wanasema", "inajulikana kwamba", "utafiti umeonyesha". Wenzangu walikasirika, mhadhiri anatuonea. Mimi nilisikia sauti ya ustadhi. Ndilo swali lilelile, bakora tu haipo.

Msije mkadhani nilishika somo palepale. Mwaka huohuo nilikaa chumba kimoja na kaka wa mwaka wa tatu aliyekuwa na maneno. Alikuwa na hoja dhidi ya dini zote, anazimwaga usiku, sisi wadogo tumekaa vitandani midomo wazi. Kufika katikati ya muhula nimeacha kuswali na nimeanza kuwaonea huruma wanaoswali. Nilijiona nimefunguka macho. Siku moja rafiki yangu, Msabato mpole asiyependa ubishi, akaniomba nimweleze hoja moja tu, yoyote, bila kumtaja yule kaka. Nikaanza. Sentensi ya tatu nikakwama. Nilikuwa nimedesa, nimenakili tu ya mwenzangu. Zamani nilikariri kwa ustadhi wa bakora, safari hii kwa kaka mwenye maneno, na tofauti pekee ni kwamba huyu wa pili alinifanya nijione mwerevu.

Baadaye nilirudi kwenye swala, kwa sababu zangu ambazo si za kuandika hapa. Hilo mniachie. Ninalowaambia ni kwamba kuacha dini hakujanipa akili, na kurudi hakujaninyang'anya.

Sasa la chuo lenyewe, maana hapa ndipo alama zinapopotea. Nimewahi kusahihisha karatasi ya mwanafunzi aliyeulizwa aeleze uteuzi asilia, nadharia ya Darwin ya namna viumbe wanavyobadilika vizazi kwa vizazi, akaandika mistari minne: Mungu ndiye aliyeumba kila kitu, nadharia hii si kweli. Akapata sifuri, akaja kulalamika kwamba anaonewa kwa imani yake. Nikamwonyesha swali. Neno la kwanza lilikuwa "eleza". Hakuna aliyemuuliza anaamini nini. Na siku hiyohiyo, rundo hilohilo, nilimpa mwingine alama mbili: katika kozi yetu ya historia ya fikra aliulizwa aeleze kwa nini Waislamu na Wakristo wa karne za kati walijadili sana uhusiano wa akili na ufunuo, akajaza ukurasa mzima kwamba dini ni ujinga wa watu wa kale. Kosa ni moja. Wote wawili hawakuweza kusimama hata dakika tano ndani ya wazo wasilolikubali.

Huwa nawasimulia kuhusu al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki 1111. Kabla ya kuwapinga wanafalsafa aliandika kwanza kitabu kizima cha kueleza wanachosema, bila kuwapiga vita. Alikieleza vizuri mno kiasi kwamba kilipotafsiriwa Kilatini huko Ulaya karne hiyohiyo, bila ule utangulizi unaotaja nia yake, wasomaji wa huko wakamhesabu kuwa ni mmoja wa wanafalsafa hao. Baadaye naye akajibiwa na Ibn Rushd wa Cordoba, kadhi na mwanasheria wa dini, aliyeshika kitabu cha Ghazali akakipangua hoja kwa hoja. Wote wawili walikuwa wanaswali. Mkiweza kueleza hoja ya mpinzani wenu hata mwenyewe akisoma aseme "ndiyo, ndicho ninachosema", sapu, ule mtihani wa kurudia, mtaisikia kwa jirani.

Mwaka wa pili ndio ulionipa somo la aibu. Ilikuwa Machi 2011, na nchi nzima inazungumzia Samunge, kijiji cha Loliondo, ambako mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri (KKKT), Ambilikile Mwasapile, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mti kwa shilingi 500. Alisema ameoteshwa na Mungu. Kikombe kimoja, na magonjwa sugu yanaondoka: sukari, presha, pumu, saratani, hata UKIMWI. Mnaokumbuka mnakumbuka: magari yamepanga foleni porini siku nzima na usiku kucha, wagonjwa wengine wakifia njiani kabla ya kufika. Wakubwa serikalini nao walikwenda, na walionyeshwa kwenye magazeti wameshika kikombe.

Mama yangu mkubwa alikuwa na sukari. Akanipigia simu, mimi msomi wa familia, ananiuliza aende au asiende. Unajua nilifanya nini? Nilikaa na wenzangu bwenini tukajadili saa nzima kama ni halali kwa Mwislamu kunywa dawa iliyoombewa na mchungaji. Tukatafuta aya, tukatafuta hadithi, tukafikia kwamba inafaa. Nikamtumia nauli kwa simu kutoka kwenye bumu langu, pesa ya mkopo wa chuo. Katika saa nzima ile hakuna aliyeuliza: waliokunywa mwezi uliopita, nani kawapima kabla, na nani kawapima baada? Akaenda, akanywa, akarudi na furaha, akaacha vidonge. Baada ya wiki chache alilazwa hajitambui. Alipona, na mpaka anafariki miaka kadhaa baadaye kwa ugonjwa mwingine hakuwahi kunilaumu. Ndiyo maana linaniuma.

Watu wakitaka mfano wa dini kuua akili hunitajia Loliondo. Mimi nilikuwepo enzi zile, na naona mambo yamechanganyika zaidi ya hapo. Kwenye foleni ile walikuwa Wakristo wa kila dhehebu, Waislamu, na watu wasiokanyaga nyumba yoyote ya ibada. Wapo viongozi wa dini waliounga mkono, na wapo viongozi wa dini waliopinga hadharani wakati wasomi wengi tumenyamaza. Kilichowabeba watu kilikuwa ugonjwa usiopona, gharama ya dawa ya kila mwezi, na simu ya jirani anayeapa kwamba shemeji yake kapona. Mapokezi mabovu, kwa lugha ya ustadhi. Mimi nilikuwa na chombo cha kuyapima tangu darasa la sita, na siku nilipokihitaji nilikiacha kabatini pamoja na joho la madrasa.

Hata hivyo sitawaficha: kuna dini inayofunga akili, na huwa inafunga kwa makusudi. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa kufunga mpaka kufa ili wakutane na Mungu. Kabla ya kufika kwenye kufunga, walikuwa wameshakatazwa shule, wameshakatazwa hospitali, wameshahamishwa mbali na majirani na ndugu. Angalieni huo mpangilio. Kwanza aliondolewa kila mtu ambaye angeweza kuuliza. Kwa hiyo mkitaka kujua kama kundi lenu la maombi, halaka yenu ya kusoma dini, au chama chenu cha siasa hapo chuoni kinawafunga, msianze na mafundisho yake. Tazameni anayeuliza swali gumu anafanywa nini. Anajibiwa? Anaambiwa subiri tutafute? Au wiki ijayo hakuna anayekaa naye mezani?

Na msidhani maprofesa wamesalimika. Nimekaa kwenye idara ambako kumpinga mzee mmoja ilikuwa sawa na kutangaza hutaki kumaliza. Kule hakuna aliyetaja Mungu.

Wapo ndani ya dini waliouliza wakabaki ndani. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alitoa gazeti la Sahifa mwaka 1930, na mwaka 1932 Al-Islah, akiwasema Waislamu wenzake wa pwani kwa ada walizozizua wakaziita dini na kwa kuzembea elimu. Huyo huyo akaja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mkristo atakumbuka watu wa Beroya katika Matendo ya Mitume, waliomsikiliza Paulo kisha kila siku wakayachunguza maandiko waone kama ndivyo yalivyo, na wakaitwa waungwana kwa hilo. Na Ibrahimu, katika Sura ya Ng'ombe ya Qurani, anamwomba Mola amwonyeshe anavyofufua wafu. Anaulizwa, kwani huamini? Anajibu: naamini, ila moyo wangu utulie. Hakukemewa. Akaambiwa achukue ndege wanne.

Katika semina zetu huwa natumia mwezi. Ramadhani ikikaribia kuisha, mnajua wenyewe: huku wamefuturu kwa Idd, kule bado wamefunga, na nyumba moja ina vyungu viwili. Mwezi wa mwandamo una wastani wa siku 29 na nusu na ushei, ndiyo maana unaisha 29 au 30. Wengine wanasema lazima uonekane hapa kwetu, wengine ukionekana popote inatosha, wengine wanataka hesabu za wataalamu wa elimu ya anga. Naligawa darasa, Wakristo wakiwemo, na huwa hao ndio wakali zaidi kwa kuwa hawana upande. Shahidi mmoja anatosha? Ikiwa hesabu inasema mwezi ulishazama kabla ya jua, na watu watatu waaminifu wanaapa wameuona, tunamkanusha nani, na kwa kipimo gani? Dakika ishirini baadaye wanajadili ushahidi ni nini, na nusu yao hawajagundua kwamba wameshaanza kozi.

Semina ya kwanza ni Jumatatu. Msije na desa la mwaka jana, maswali nimebadilisha. Njoo na karatasi moja. Juu yake andika sentensi moja unayoiamini kabisa, iwe ya dini, ya siasa, ya afya, ya mapenzi, shauri lako. Chini yake andika uliipata kwa nani, na yeye aliipata kwa nani, mpaka pale mlolongo utakapokukatikia. Sitaangalia sentensi, nitaangalia mlolongo. Mwaka jana wanne waliandika "Jisaidie nami nikusaidie", wakaweka chini: Biblia. Niliwapa wiki moja waniletee mstari, bado nasubiri. Wawili waliandika kauli za Mwalimu Nyerere, chanzo: picha kwenye simu. Na mmoja, binti wa Pangani, aliandika "Tafuteni elimu hata China", na chini yake kwa herufi ndogo: bango, madrasa yetu, rangi ya kijani.