Mgongo wa mlima kilomita 8, tutoke saa ngapi?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Tuko sita hapa kazini, jumamosi ijayo tunataka kwenda kwenye ile njia inayopita juu ya mgongo wa mlima, kwenda na kurudi ni kilomita 8 tu na ramani ya simu inaonyesha chini na juu kunapishana mita 300. Mi nimepiga hesabu ni masaa mawili, kwa hiyo tutoke saa 4 asubuhi, tule kule juu alafu turudi. Mmoja wetu goti linamsumbua ila anasema atajikaza. Hapo niko sawa?
– Mpangaji

JIBU: Mpangaji, hayo masaa mawili ni ya barabara ya lami. Mlimani kilomita peke yake haikwambii kitu mpaka ujue mnapanda kiasi gani. Kuna Mskoti mmoja, William Naismith, mwaka 1892 alitoa kanuni ambayo watu wa milima wanaitumia mpaka leo, kwa vipimo vyetu ni kama hivi: kila kilomita 5 weka saa 1, na kila mita 600 za kupanda ongeza saa 1 nyingine.

Sasa hiyo 300 yako ndo penye mtego. Hiyo ni tofauti ya mwanzo na mwisho tu, na njia ya mgongoni haipandi moja kwa moja, inapanda kilima inashuka inapanda kingine, yaani unaona kilele unafurahi ukifika unakuta kumbe kilele chenyewe kiko mbele. Tuseme mnapoenda mnashuka hapa na pale jumla mita 90. Maana yake kwenda mtapanda 390, na zile 90 mlizoshuka mtazipanda wakati wa kurudi mkiwa mmechoka, jumla 480. Kwa Naismith hiyo ni masaa mawili na dakika 24, tena ya mtu mwenye mazoezi asiyesimama hata kufunga kamba ya kiatu. Nyie mko sita na mna simu za kupigia picha! Ongeza nusu yake, inakuja masaa matatu na nusu na kitu, weka na kula, yanapita manne.

Ndo maana saa 4 siikubali. Mkitoka muda huo mtakuwa bado juu saa 7 mchana, na mchana ndo jua likishachoma miteremko hewa inapanda na mawingu ya mvua yanajijenga. Tokeni saa 1 asubuhi. Kama njia iko kama nilivyoisema hapo mtafika juu saa 3 na dakika chache, na mkubaliane kabisa kabla hamjaondoka: ikigonga saa 4, popote mlipo, mnageuza. Mkisubiri kukubaliana mkiwa huko huko juu atatokea tu mmoja wa kusema "tumebakiza kidogo".

Kuhusu mwenye goti, kujikaza sio mpango. Kupanda anaweza akapanda vizuri tu, shida iko kwenye kushuka maana hapo goti ndo linabeba breki za mwili mzima. Wiki hii ashuke ngazi za kutosha, kesho yake asikilizie. Likiuma achague njia fupi. Akija, atembee na fimbo mbili, hatua fupi fupi, na yeye ndo akae mbele awapangie mwendo.

Na angalia ramani tena, tafuta njia za kutokea pembeni, maana kwenye mgongo huwezi kukata kona popote unapotaka, pale mistari ya kontua (ile inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja) imebanana ni mwinuko mkali, msijaribu. Maji nusu lita kwa saa kila mtu, kwa hiyo lita 2. Baridi isikutishe, mita 300 inapunguza kama nyuzi 2 tu, upepo ndo wenyewe huko juu, kila mtu abebe jaketi la kuzuia upepo hata kama chini kuna joto.

SWALI: Radi ikianza nikiwa juu, nijikinge chini ya mti?

JIBU: Hapana, na hasa mti uliosimama peke yake. Teremka utoke mgongoni, upande wowote wenye njia salama. Ukiona mwanga hesabu sekunde mpaka ngurumo, kila sekunde 3 ni kama kilomita 1. Zikiwa 30 au pungufu uko karibu mno. Alafu usirudi juu mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, hata kama jua limetoka.

SWALI: Kule mtandao hamna, simu ina faida gani?

JIBU: GPS haihitaji mtandao, inapokea kutoka kwenye setilaiti, ila ramani ipakue ukiwa bado nyumbani. Simu ikihangaika kutafuta mtandao inamaliza chaji, so izime upande wa mtandao uache GPS. Mwachie mtu aliyebaki njia mnayopita na saa ya kurudi. Na beba filimbi: mkikwama piga mara 6 ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Aliyewasikia anajibu kwa kupiga mara 3, na nyie endeleeni kupiga mpaka awafikie.