Maswali ya Wasomaji: Nimemsamehe wifi, je, na deni?

Swali: Bwana Yesu asifiwe. Mwaka jana nilimkopesha wifi yangu Sh 480,000 za ada ya mtoto, akaahidi kulipa baada ya mavuno. Mavuno yamepita mara mbili. Jumuiya yetu inasali nyumba kwa nyumba, na akiniona anabadili njia. Nimeomba mpaka nimechoka, hata kikundi cha maombi nimekieleza kiniombee. Wengine wananiambia Mkristo aliyesamehe hadai. Ni kweli?
*Mama wa watatu, Njombe*

Jibu: Asifiwe sana, mama. Si kweli, na ushauri huo umeumiza wengi. Umefunga mambo matatu katika fundo moja: kosa, deni na uaminifu. Kosa unalisamehe wewe mbele za Mungu, hata wifi asipotamka neno. Deni ama hulipwa, ama hufutwa. Kumwamini tena huchukua muda, na kunategemea matendo yake.

Watu husoma mfano wa mtumwa asiyesamehe katika Mathayo 18 wakadhani zile dinari 100 alizomdai mwenzake zilikuwa senti tu. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku nzima. Kwa kibarua anayelipwa Sh 10,000 leo, hiyo ni milioni moja. Yesu hakusema haikuuma. Ubaya wa yule mtumwa ulikuwa kumkaba mwenzake koo na kumtupa gerezani, ilhali yeye ametoka kusamehewa talanta 10,000, na talanta moja ilikaribia ujira wa siku 6,000. Kwa hiyo kudai unaweza, mama. Angalia tu mkono wako usifike kooni.

Anza na karatasi. Upande mmoja andika deni: kiasi, tarehe, na ahadi ilivyokuwa. Upande wa pili andika kilichokuuma: kukwepwa, ukimya, labda na maneno uliyoyasikia. Mara nyingi upande wa pili ndio mrefu, na huo ndio wa kusamehe, jambo mojamoja kwa jina lake. Ukiomba "Bwana, nimesamehe yote", moyo unabaki haujui hayo yote ni yapi, na kesho yake uchungu unarudi.

Kisha amua kabla hujatoka nyumbani: unafuta au unadai? Ukiweza kufuta bila watoto wako kulala njaa, futa, na umwambie kwa mdomo: "Wifi, ile laki nne na themanini nimeiachilia." Deni lililofutwa kimoyomoyo huendelea kudaiwa kwa macho. Kama fedha unazihitaji, dai bila aibu. Zaburi 37:21 inamlaumu anayekopa asilipe.

Mathayo 18:15 inakutaka umwendee, wewe na yeye peke yenu. Hapa tukuambie kwa upendo: ulikitanguliza kikundi cha maombi. Ombi la maombi lenye jina la mtu na kiasi cha fedha ni habari iliyokwisha kusambaa, na huenda ndiyo inayomfanya abadili njia. Basi wewe ndiwe wa kwanza kuomba radhi.

Usimwendee baada ya ibada, wala msibani, wala usiandike kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Nenda kwake saa ambayo hapiki wala hana wageni. Mwambie: "Wifi, nilikosea kulipeleka jambo letu kwa wengine, nisamehe. Zile fedha za ada hatujaziongelea, na ukimya umeniuma kuliko fedha. Tufanyeje?" Kisha nyamaza. Kimya kitakuwa kizito. Mwache akivunje yeye. Maneno kama "wewe siku zote" na "ndivyo mlivyo kwenu" yaache nyumbani, maana kwa wifi hapo umeshamgusa na mumeo, na mama mkwe pia.

Akikubali, pangeni malipo kwa jinsi fedha zinavyomjia. Mkulima hana mshahara: Sh 15,000 kila mwezi kwa miezi 12 ni 180,000, na 300,000 zinazobaki azilipe wakati wa mavuno. Atume kwa simu ili kumbukumbu ibaki. Mwezi ukipita bila malipo, mpigie wiki hiyohiyo. Ukinyamaza miezi mitatu, utaongea kwa hasira. Akikataa kabisa, ndipo uende na mmoja au wawili, na wawe watu anaowaheshimu yeye, si mashoga zako. Akija kukopa tena ukamwambia huna cha kumkopesha, hujavunja msamaha.

Swali: Mume wangu alinipiga, kisha akaniomba msamaha mbele ya mchungaji akilia. Nipo kwa wazazi wangu. Wazee wa kanisa wanasema nisiporudi sijasamehe.
*Msomaji, Mwanza*

Jibu: Pole sana, dada. Kusamehe unaweza ukiwa hukohuko kwa wazazi. Yusufu, aliyeuzwa na ndugu zake, aliwalilia faraghani (Mwanzo 42:24), lakini hakujitambulisha mpaka alipomwona Yuda yuko tayari kubaki mtumwa badala ya Benyamini. Angalia miezi inayofuata: je, anataja kosa lake bila kukutupia lawama? Anakubali kufuatiliwa na mtu asiye wa upande wake? Vitisho vya simu vimekoma? Kama una majeraha, chukua fomu ya PF3 polisi uende hospitali, na uulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Kutoa taarifa hakufuti msamaha wako. Wazee nao waulize, kwa heshima, ni nani kati yao atakayekuja usiku mkono ukiinuliwa tena.

Swali: Kila asubuhi namfokea dada wa kazi, jioni namwomba radhi, kesho narudia. Nifanyeje?
*Mama Pendo, Dodoma*

Jibu: Tazama saa. Ukifoka kati ya saa 12 na saa 1, chanzo ni sare ambazo hazijapigwa pasi na chai iliyochelewa. Yapangeni hayo usiku, nawe uamke nusu saa mapema. Radhi uiombe mbele ya watoto walewale waliosikia, utaje kosa lenyewe, bila "lakini". Na mshahara wake umpe tarehe mliyokubaliana. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele. Kama umeuchelewesha hata wiki moja, anza na huo leo.