PCM si ya vipanga peke yao

Wadogo zangu mnaosubiri kwenda kidato cha tano, najua mnachoambiwa: "PCM ni ya vipanga, wewe nenda HGL upone." PCM ni mchepuo wa fizikia, kemia na hisabati; HGL ni historia, jiografia na Kiingereza. Nami niliambiwa hivyo. Nimekulia Newala, kuamka usiku kuwahi foleni ya maji, na mtihani wangu wa kwanza wa fizikia kidato cha tano nilipata 23.

Maji hayohayo ndiyo yaliyoniokoa. Mwalimu aliandika ubaoni kuwa presha ni msongamano mara g (nguvu ya mvutano wa dunia kwa kila kilo) mara kimo, nikanakili kama kasuku. Jioni nikaijaribu kwa namba za maji: msongamano 1,000 mara g 9.8 mara kimo cha mita 10. Jibu paskali 98,000, karibu baa moja (baa ni kipimo cha presha, sawa na paskali 100,000). Nikayakumbuka maji ya Mitema, yanavyosukumwa kutoka bondeni hadi kwetu juu. Kila mita 10 za kupanda zinadai baa nyingine, na hapo msuguano wa ndani ya bomba hujauhesabu. Kumbe ndiyo maana pampu zinakula umeme vile! Ndoo niliyokuwa naibeba kichwani ikawa swali la fizikia.

Tangu siku hiyo sijakariri kanuni bila kuitafutia kitu cha nyumbani. Salfa ya mikorosho kwa nini hupulizwa alfajiri? Upepo umetulia, na majani yana umande unaoshika vumbi. Ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho unaozuiwa kwa salfa hiyo, ni kuvu; hiyo ni baiolojia. Gesi asilia ya Mnazi Bay, Mtwara, iligunduliwa 1982, na pale kwenye kiwanda cha kuisafisha cha Madimba huondolewa maji kabla ya kuingia bomba la Dar es Salaam, maana maji yakibaki yanakula chuma. Hiyo kemia.

Kosa langu kubwa lilikuwa kusoma majibu ya wenzangu nikidhani nimeelewa. Funika jibu, shika kalamu, kosea mwenyewe. Kiingereza nacho kisikutishe: mweleze bibi yako swali kwa Kiswahili, au kwa Kimakonde, ndipo uliandike.

Tena si lazima upitie kidato cha tano. Ukimaliza cha nne na alama za sayansi, DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) na Chuo cha Ufundi Arusha wana diploma za uhandisi. Mabinti, hilo nanyi linawahusu. Msikubali kuambiwa spana ni ya wanaume.

Leo jioni pima kimo cha maji kwenye simtanki lenu, kuanzia usawa wa bomba la chini, upige hesabu ya presha pale bombani. Ukikosea, kesho tena.