Shangazi, daktari anataka kumwekea binti yangu koili

*Shangazi, binti yangu ana miaka 16. Akiona siku zake damu humtoka siku tisa au kumi, inafika hadi kwenye godoro, na mara mbili amezimia shuleni. Daktari amekuta damu imempungua. Vidonge havikusaidia, sasa anashauri koili ya homoni. Mimi nilijua koili ni ya waliozaa. Naogopa atakuwa tasa, tena ataona nimempa ruhusa ya kwenda na wavulana. Baba yake hajui. – Mama, Busia*

Mama mwenzangu, pole, na umfikishie pole binti. Hedhi inayomwangusha mtoto darasani ni ugonjwa, si jambo la kuambiwa avumilie.

Nianze na linalokunyima usingizi. Koili hii haimfanyi mtu tasa. Ni kiplastiki chenye umbo la T, urefu wake kama sentimita tatu, kinachokaa ndani ya mfuko wa uzazi na kutoa homoni kidogo kidogo. Ule utando wa ndani unaobomoka kila mwezi unabaki mwembamba, kwa hiyo damu inapungua. Wengine hedhi hukatika kabisa, na hakuna damu chafu inayojikusanya tumboni. Ikitolewa, hedhi hurudi na mimba hushika. Woga wako una asili yake: miaka ya 1970 kulikuwa na koili ya Marekani, Dalkon Shield, iliyowaletea wanawake wengi maambukizi mabaya, wengine wakapoteza uzazi. Kule iliacha kuuzwa 1974. Hii ya leo si ile, na Shirika la Afya Duniani halimkatazi msichana ambaye hajazaa.

Ila hapa nisikilize sana. Kuna koili ya shaba, na hiyo huweza kuongeza damu na maumivu. Mkifika kliniki uliza kwa kinywa chako mwenyewe: hii ni ya homoni au ya shaba? Mkiambiwa ya homoni haipo, msikubali ya shaba kwa sababu tu mmeshapanga foleni.

Kuwekewa kunauma, sitakudanganya. Inapita ukeni, kwa hiyo kama binti hajawahi kukutana na mwanaume, mwambieni daktari mapema, muulize dawa ya maumivu au ya usingizi. Miezi mitatu hadi sita ya mwanzo damu ya matone matone ni kawaida. Homa, maumivu makali ya tumbo au uchafu wenye harufu, mrudishe siku hiyohiyo. Mwulize daktari pia kama amepima kuganda kwa damu, maana wasichana wengine tatizo lao linaanzia huko.

Kuhusu wavulana: koili huzuia mimba, haizuii Ukimwi, na haimfundishi mtu mapenzi. Mazungumzo hayo yanakusubiri hata asipowekewa chochote. Waganda wanamwachia ssenga, yaani shangazi wa binti. Kama shangazi yake hayuko karibu, ni wewe.

Kinachonisumbua ni kwamba barua nzima sijaona neno lake hata moja. Yeye anasemaje? Mwili ni wake, na akikataa msimlazimishe, kuna dawa nyingine za kupunguza damu. Zungumza naye kwanza. Kisha mkae na baba yake, mkianzia kwenye kuzimia na majibu ya damu, kabla neno koili halijatajwa.